Kurudisha Herufi za Diski Mahali Pake Baada ya Kusakinisha Windows Upya

Kompyuta iliyonifanya niandike mwongozo huu iko katika saiba moja ya orofa ya kwanza mjini Kisumu, si mbali na stendi ya mabasi. Ni kompyuta ya mezani ya ex-UK, kama nyingi zinazouzwa humu mjini, na ndani yake mna diski mbili: SSD ya GB 240 ambamo Windows inakaa, na diski ya kawaida ya GB 500 ambamo mwenye saiba huweka kazi za wateja, yaani picha za pasipoti, barua za maombi, wasifukazi na vyeti vilivyoskaniwa. Kwa miaka mitatu diski hiyo ya pili ilikuwa D. Windows iliposakinishwa upya, asubuhi iliyofuata programu ya skana ilikataa kuhifadhi hata ukurasa mmoja, kitabu cha Excel cha mapato kikalalamika kwamba hakioni faili zake, na mwenye saiba alipobofya D aliambiwa aingize DVD.

"Fundi, kazi zangu ziko wapi?" aliniuliza kwa simu, na sauti yake ilionyesha kwamba alikwisha kuamini kuwa hazipo tena. Kibaya zaidi, jirani alikuwa amemshauri aifomati ile diski "mpya" iliyojitokeza kwa jina la E ili kompyuta iitambue vizuri. Nilimwomba asiguse chochote hadi nifike. Hiyo E ndiyo iliyokuwa diski yake ya kazi, na faili zote zilikuwa ndani yake, nzima, kama alivyoziacha. Herufi tu ndizo zilizohama.

Ninaieleza kazi hii kwa utaratibu kwa sababu nimeona faili za watu zikipotea kwa kosa dogo kama hilo, na kwa sababu siku hizi kompyuta nyingi zinasakinishwa upya tangu msaada wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025. Maelezo haya yanafaa Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza, jinsi yanavyoonekana kwenye skrini za kompyuta nyingi hapa kwetu, ili msomaji ayatambue anapoyafikia.

Herufi hukaa wapi

Watu wengi hudhani kwamba herufi imeandikwa ndani ya diski. Sivyo. Diski yenyewe haijui kwamba inaitwa D. Herufi huandikwa na Windows katika daftari lake la ndani liitwalo rejista, mahali panapoitwa HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices, ambapo kila herufi hufungamanishwa na alama ya sehemu fulani ya diski. Kwa diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, alama hiyo ni baiti 12: nne za saini ya diski, na nane zinazoonyesha sehemu hiyo inaanzia wapi. Kwa diski ya mtindo wa GPT, alama ni kitambulisho kirefu cha baiti 16 ambacho kila sehemu hupewa cha kwake peke yake. Ukifuta Windows na kusakinisha nyingine, daftari lile la zamani huondoka pamoja na Windows ya zamani, na Windows mpya hugawa herufi kwa kufuata vifaa inavyovikuta siku hiyo, bila kujua chochote kuhusu mpangilio uliokuwapo.

Herufi A na B zilitengewa diski laini, kwa kuwa kompyuta za mwanzo za IBM zilikuwa na milango miwili ya diski hizo, na diski ngumu ilipokuja ikapata C. Ndiyo maana hadi leo Windows hujipa C, ingawa diski laini hazionekani tena. Herufi zinazofuata hupewa diski nyingine, vifaa vya DVD, visoma-kadi na flashi. Katika ile saiba, aliyesakinisha Windows alikuwa amechomoa diski ya GB 500 kabla ya kuanza, jambo ambalo lilikuwa la busara kabisa na ambalo nitalipendekeza hapa chini. Lakini kwa kuwa diski hiyo haikuwapo, kifaa cha DVD kilipewa D, na diski iliporudishwa ikakuta nafasi yake imekaliwa, ikapewa E.

Kinyume cha herufi, jina la diski, kwa mfano KAZI au DATA, huandikwa ndani ya diski yenyewe na kusafiri nayo popote inapochomekwa. Ningependa msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndilo litakalomwokoa baadaye: herufi inaweza kubadilika mara kumi, lakini diski iliyopewa jina itaendelea kujitambulisha kwa jina lilelile.

Kwa nini basi tusiiache diski ibaki E? Kwa sababu programu hukumbuka anwani nzima ya faili. Skana ile ilikuwa imeagizwa kuhifadhi kurasa katika D:\KAZI\SKANI, kitabu cha Excel kilikuwa kikichota hesabu kutoka vitabu vingine vinane vilivyomo D, na njia za mkato zilizonakiliwa kutoka Windows ya zamani zote zilielekeza huko. Mtu anaweza kurekebisha kila anwani moja baada ya nyingine, na atakuwa bado anazikuta za kurekebisha mwezi ujao. Kurudisha herufi moja hurekebisha zote kwa pamoja. Kwa maoni yangu, kuiacha herufi mpya kunafaa tu ikiwa kompyuta ni ya mtu mmoja anayefungua faili zake kwa mkono na hana programu yoyote inayozitegemea.

Kuna jambo moja ambalo kurudisha herufi hakuwezi kulifanya. Ikiwa ulikuwa umesakinisha programu zenyewe ndani ya D ili kupunguza mzigo wa C, nyingi kati yake hazitafunguka hata D ikirudi, kwa kuwa maandishi yake katika rejista yalifutwa. Folda zake utaziona, lakini itakubidi uzisakinishe upya.

Ikiwa bado hujafuta Windows ya zamani

Msomaji aliyefika hapa kabla ya kufuta Windows ana bahati, na ninamsihi atumie nusu saa kujiandaa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la Disk Management linaloonyesha diski zote na sehemu zake. Lipige picha kwa simu, ukihakikisha kwamba herufi, majina na ukubwa vinasomeka. Picha hiyo moja ina manufaa zaidi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, hata ya fundi aliyeiunda kompyuta hiyo.

Kisha ipe kila diski jina linaloeleweka. Katika File Explorer bofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Rename", uandike jina kama KAZI, MATOKEO au AKIBA. Ukiona diski ina alama ya kufuli, ina maana kwamba imefungwa kwa BitLocker, yaani kinga ya Windows inayoficha yaliyomo kwa siri, nawe unahitaji kuwa na ufunguo wa kuifungua wenye tarakimu 48 kabla ya kuendelea. Uandike kwenye karatasi au uhifadhi katika flashi, wala usiuache ndani ya diski hiyohiyo iliyofungwa. Nakili faili zisizoweza kupatikana tena kwenye diski ya nje. Kubadilisha herufi hakufuti kitu, lakini kusakinisha Windows kunaweza kufuta, na stima ya huku kwetu hukatika bila taarifa, hasa jioni za mvua na radi za Aprili na Mei.

Mwisho, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, na uchomoe kebo ya diski ya kazi hadi Windows mpya iwe imekamilika. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kisakinishi huorodhesha diski kwa namba, si kwa herufi, na mtu aliyechoka huweza kufuta namba isiyofaa. Ya pili hufahamika na wachache: diski mbili zikiwapo, kisakinishi huweza kuweka faili za kuwashia kompyuta ndani ya diski ya kazi huku Windows yenyewe ikiwa katika SSD, na siku utakapoiondoa diski hiyo kompyuta haitawaka. Kwenye laputopu yenye diski moja iliyogawanywa C na D huwezi kuchomoa chochote. Hapo linganisha ukubwa wa kila sehemu na picha uliyopiga, na ufute tu ile iliyokuwa na Windows.

Kuitambua diski kabla ya kuigusa

Sasa Windows mpya iko tayari, diski imerudishwa, na herufi zimehama. Kabla ya yote, ukiona ujumbe unaosema kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bofya "Cancel". Ujumbe huo haumaanishi kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba Windows haijaweza kusoma kilichomo, na sababu zake nitazieleza baadaye.

Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, kisha ufungue tena Disk Management. Sehemu ya juu ya dirisha ina orodha, na sehemu ya chini ina michoro: Disk 0, Disk 1, na vifaa vya DVD vikiitwa CD-ROM 0. Usitegemee namba hizo, kwani hufuata milango ambayo kebo zimechomekwa. Tegemea ukubwa, jina na yaliyomo. Ukubwa una kasoro yake ndogo ambayo huwatia watu wasiwasi: diski iliyoandikwa GB 500 kwenye karatasi yake huonekana kama GB 465.76, ile ya GB 240 huonekana kama GB 223.57, na ya TB 1 kama GB 931.51. Hakuna kilichoibwa. Watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024.

Utaona pia sehemu ndogo zisizo na herufi, kama ile ya EFI, yenye faili za kuwashia kompyuta, ambayo mara nyingi huwa na MB 100, na ile ya urejeshaji yenye mamia kadhaa ya MB. Hizo zimefichwa makusudi. Usizipe herufi wala usizifute, hata kama zinaonekana kama nafasi iliyopotea.

Ukishadhani kwamba umeipata diski ya kazi, ifungue katika File Explorer, ingia ndani ya folda moja, ufungue faili moja unayoifahamu. Nilipofanya hivyo pale saiba, nilifungua folda ya picha za pasipoti, na mwenye saiba akaitambua sura ya mteja wa Ijumaa. Alivuta kiti, akaketi. Tangu hapo tulifanya kazi kwa utulivu, na hilo nalo lina thamani yake, kwa sababu mtu mwenye hofu hubofya haraka mno.

Kubadilisha herufi

Funga programu zote, pamoja na madirisha ya File Explorer yaliyo wazi kwenye diski utakazozigusa. Ikiwa programu ya kuhifadhi nakala au ya kukagua virusi inaipitia diski wakati huo, isubiri imalize. Chomoa flashi na diski zote za nje zisizohusika, kwa kuwa huenda mojawapo ndiyo iliyoichukua herufi unayoitaka.

Anza kwa kuiondoa herufi mikononi mwa aliyeikalia. Katika mfano wetu ni kifaa cha DVD. Kwenye michoro ya chini, bofya CD-ROM 0 kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", bofya "Change", kisha katika orodha ya herufi chagua iliyo mbali, kama vile R. Bofya "OK". Windows itakuonya kwamba programu zinazotegemea herufi huenda zisifanye kazi sawasawa, nawe utajibu "Yes", kwani ndiyo sababu hasa ya kuifanya kazi hii.

Kisha rudia hatua hizohizo kwa diski ya kazi: ibofye E kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", bofya "Change", chagua D, thibitisha. Hapa uwe na makini ya macho, kwa sababu katika menyu hiyohiyo "Format" na "Delete Volume" ziko mistari michache tu chini ya ile unayoitaka. Mimi husoma maneno yote kwa sauti kabla ya kubofya, na huwaomba wanafunzi wangu wafanye vivyo hivyo.

Ikiwa diski mbili zimebadilishana herufi, yaani iliyokuwa D sasa ni E na iliyokuwa E sasa ni D, hutaweza kuzirudisha kwa hatua mbili, kwa sababu Windows haikubali diski mbili kuwa na herufi moja hata kwa sekunde. Utahitaji herufi ya tatu ya kupitia, kama mtu anayetaka kubadilishana vinywaji vya vikombe viwili anavyohitaji kikombe cha tatu. Ihamishe kwanza iliyo D iwe X, kisha iliyo E iwe D, kisha iliyo X iwe E.

Pengine D haitaonekana kabisa katika orodha hata baada ya kumwondoa aliyeikalia. Angalia kama kuna diski ya mtandao iliyopewa herufi hiyo, au kisoma-kadi kilichojengwa ndani ya kasha, ambacho huweza kushika herufi hadi nne kwa matundu yake manne matupu. Ikiwa sababu haionekani, chagua "Restart" na ujaribu tena, kwani mara nyingi ni programu fulani iliyokuwa bado imeishikilia. Ikiwa faili ya kumbukumbu ya ziada ya Windows imewekwa katika diski unayoibadilisha, utaambiwa uwashe upya kabla ya herufi mpya kuanza kutumika. Kubali.

Herufi C iache kama ilivyo. Disk Management haikubali kubadilisha herufi ya sehemu iliyo na Windows inayoendesha kompyuta, na si ubishi wa bure: rejista, huduma na programu zote zimeandikwa kwa C. Ziko mbinu za kuilazimisha kupitia rejista, nami sizipendekezi kwa mtu yeyote anayetaka kompyuta yake iwake kesho.

Kwa wanaopendelea amri

Fundi anayehudumia kompyuta kumi kwa siku atapenda kuandika amri badala ya kubofya. Bofya kitufe cha Windows, andika powershell, ulibofye jina lake kwa kitufe cha kulia, uchague "Run as administrator". Amri hizi mbili huonyesha diski zote, kisha huibadilisha E iwe D:

Get-Volume
Set-Partition -DriveLetter E -NewDriveLetter D

Amri ya pili haiwezi kuhamisha kifaa cha DVD, kwa kuwa DVD haina sehemu kama za diski ngumu. Kwa hiyo, ikiwa D imekaliwa na DVD, tumia diskpart, ambayo huviona vyote:

diskpart
list volume
select volume 0
detail volume
assign letter=R
select volume 3
detail volume
assign letter=D
exit

Namba 0 na 3 ni za mfano tu. Zako ni zile utakazoziona katika orodha ya list volume. Nimeiweka detail volume kila baada ya kuchagua kwa sababu inakuonyesha ulichokichagua kabla hujakibadilisha. Diskpart haikuulizi mara mbili. Neno clean, ambalo watu hulinakili kutoka maelezo ya kuandaa flashi, hufuta mpangilio wote wa diski iliyochaguliwa mara tu unapobonyeza Enter, na halina nafasi yoyote katika kazi hii.

Ipo pia amri ya subst, inayofanya E ionekane kama D kwa muda. Niliwahi kuitumia mteja alipokuwa na haraka ya kutuma faili moja. Lakini hutoweka kompyuta inapozimwa, na asubuhi utaitwa tena.

Diski inapokataa kufunguka

Mara nyingine tatizo si herufi isiyofaa, bali ni diski isiyo na herufi kabisa au isiyosomeka. Ikiwa Disk Management inaonyesha sehemu nzima yenye neno "Healthy" na NTFS (mfumo wa faili wa Windows) lakini bila herufi, pita njia ileile, ila badala ya "Change" bofya "Add", uipe D. Ikiwa sanduku la kushoto la diski limeandikwa "Offline", libofye kwa kitufe cha kulia uchague "Online". Hali hii hutokea hasa pale diski moja iliponakiliwa nzima kwenye nyingine, zote mbili zikabaki na saini moja, na Windows ikakataa kuziwasha kwa pamoja. Ikiwa imeandikwa "Foreign", ilitengenezwa kwa mtindo wa diski badilifu katika Windows ya zamani, nawe utachagua "Import Foreign Disks", wala usichague kuigeuza kuwa diski ya kawaida, kwa sababu kugeuza huko hufuta yaliyomo.

Panapoandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mfumo wa faili uliomo, simama. Diski ya Linux huweza kuonekana hivyo, kwa kuwa Windows haisomi mfumo wa ext4 peke yake, na diski iliyoharibika huonekana hivyohivyo. Ichomeke katika kompyuta nyingine, au uiwashe kompyuta kwa flashi ya Linux, uone kama faili zinaonekana. Zikionekana, zinakili kwanza. Kuagiza Windows irekebishe diski kabla ya kunakili ni kubahatisha na mali ya mtu mwingine.

Herufi ikikaa sawa halafu folda ikakuambia kwamba huna ruhusa ya kuifungua, usishtuke. Kila akaunti ya Windows ina namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na folda zako bado zimeandikwa kuwa ni za akaunti ya zamani. Hata ukitumia jina lilelile, akaunti mpya ni mtu mwingine machoni pa Windows. Mara nyingi kubofya "Continue" kunatosha. Pasipotosha, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, uichukue folda hiyo peke yake, si diski nzima:

takeown /f D:\KAZI /r /d y
icacls D:\KAZI /grant "%USERNAME%":F /t

Kompyuta inapokuwa ya watu wengi

Shule moja ya upili upande wa Njoro, katika kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta ya karani iliyoruhusu walimu kufungua folda ya D:\MATOKEO kutoka chumba chao, ambako ilionekana kama diski Z. Windows ya karani iliposakinishwa upya, kila kompyuta ya walimu ilionyesha Z ikiwa na alama nyekundu, nayo ilikuwa wiki ya kuandaa ripoti za muhula. Kulikuwa na mambo matatu yaliyovunjika kwa pamoja, na mpangilio wa kuyarekebisha ni muhimu.

Kwanza tulirudisha herufi D. Pili tulirudisha jina la kompyuta, kwa kuwa Windows mpya ilikuwa imejibatiza jina linaloanza na DESKTOP na kufuatiwa na herufi za kubahatisha, ilhali walimu walikuwa wakiitafuta kwa jina la OFISI. Tatu tulishiriki tena folda kwa jina lilelile la MATOKEO na kurudisha akaunti za walimu pamoja na nywila zao, kwani orodha ya folda zinazoshirikiwa nayo hukaa katika rejista na ilikuwa imefutwa. Baada ya hapo kompyuta nyingi ziliiona Z zenyewe zilipowashwa upya. Mbili zilizokataa tuliziandikia amri hizi:

net use Z: /delete
net use Z: \\OFISI\MATOKEO /persistent:yes

Kama tungeanza kwa kushiriki folda ilipokuwa ingali E, tungelazimika kuirudia kazi yote baada ya kubadilisha herufi, kwa kuwa ushirika hufuata anwani, na anwani huanza na herufi.

Kanuni hiyohiyo inahusu folda ya Documents. Ukitaka ikae katika D kama zamani, subiri D iwe imerudi, kisha bofya Documents kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", halafu "Location", na uielekeze kwenye folda yenye jina, kwa mfano D:\Documents. Usiielekeze kwenye D:\ tupu, maana diski nzima itageuka kuwa Documents na kuirudisha ni usumbufu mkubwa.

Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ipe herufi ya mbali, kama P au T. Windows hiyo itaikumbuka kila unapoichomeka, na flashi za wateja zitaendelea kugombania E na F bila kuisumbua.

Kujaribu

Chagua "Restart". Usizime na kuwasha tu, kwa sababu Windows nyingi huwa na uwashaji wa haraka unaohifadhi sehemu ya hali ya awali, na jaribio lako halitakuwa la kweli. Kompyuta ikirudi, fungua D, hakikisha kwamba jina na ukubwa ni vile unavyovijua, kisha ifanyie kazi ile iliyokuwa imekataa. Pale saiba tuliweka ukurasa wa kitabu cha risiti kwenye skana. Ukurasa ulipita, na faili ikaingia katika D:\KAZI\SKANI, chini ya faili ya mwisho ya Jumamosi. Kitabu cha Excel nacho kilifunguka bila kuuliza swali.

Kabla ya kulifunga kasha, niliandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha karatasi ya kunata, nikakibandika ndani ya mfuniko, ambapo fundi yeyote atakayeifungua kompyuta hiyo atakiona kabla hajagusa kebo: C ni Windows, GB 240. D ni KAZI, GB 500, usifomati. R ni DVD.